Kuhani wa Berronar hana kazi? Jibu kwa msomaji wa Kisauni

Swali: Mimi ndiye ninayeongoza mchezo wa Dungeons & Dragons, ule wa kuigiza wahusika wa hadithi kwa dadu, kwa kundi letu hapa Kisauni. Dada mmoja kati yetu amechagua kuwa kuhani mbilikimo, mfuasi wa Berronar Truesilver, na sasa wote wako kiwango cha 3. Wenzake wanamwambia mungu wa nyumba hana lake katika mchezo wa watu wanaozunguka mapangoni, kazi yake iwe kuwatibu tu. Naye ameanza kuchoka. Juzi kaniuliza kama anaweza kuhamia kwa Clangeddin, mungu wa vita. Nimruhusu? Na kama ni uponyaji, mbona kuna Sharindlar pia? Wana tofauti gani?

Jibu:

Ndugu yangu, akishikilia kuhama, mwache ahame, mhusika ni wake. Ila nakuomba usimruhusu kabla hujampa nafasi ya kumcheza Berronar mwenyewe, maana kwa ulivyoeleza bado hajamcheza. Amekuwa akiziba majeraha ya wenzake baada ya kila pigano, basi. Kuhani wa mungu yeyote angeweza kuifanya kazi hiyo, na kuhani wa yeyote angeichoka.

Tuanze na mwenyewe. Berronar aliingia katika mchezo huu mwaka 1982, kwa makala ya Roger E. Moore katika jarida la Dragon iliyowaongezea mbilikimo miungu. Mume wake ni Moradin, yule anayesemekana kuwafua mbilikimo wa kwanza kama mhunzi anavyofua chuma, na wawili hao wanakaa katika makao yaitwayo Erackinor, kwenye Mlima Celestia, mlima wa mbinguni wa mchezo huu. Huitwa Mama Mheshimiwa, na alama yake ni pete mbili za fedha. Sasa soma taratibu orodha ya mambo anayoyasimamia: usalama, ukweli, nyumba, uponyaji, ndoa, uaminifu na kumbukumbu za ukoo. Wale wachezaji wako wameshika mawili tu katika orodha hiyo, nyumba na uponyaji, na hata hayo mawili wameyapima kwa kipimo kidogo mno.

Halafu tazama anavyoelezwa sura. Ni mbilikimo mwenye umbo kubwa, ndevu za kahawia zimesukwa misuko minne, mwilini deraya ya fedha, mkononi rungu la vita. Rungu lenyewe lina jina, Wrath of Righteousness, yaani Ghadhabu ya Haki. Mtu akimkuta mama huyu amesimama kwenye mlango wa ngome hatafikiria mwiko na chungu. Atafikiria kurudi alikotoka.

Sharindlar ni mwingine kabisa. Yeye pia ni wa uponyaji na huruma, lakini pamoja na hayo ni wa mapenzi, uchumba, ngoma na uzazi, na alama yake ni ulimi wa moto juu ya sindano ya chuma. Wema wake haufungwi na kanuni, wakati wema wa Berronar umejengwa juu ya kanuni. Mimi huwatofautisha hivi ninapoendesha mchezo: kijana na binti wakikonyezana kwenye ngoma, hapo ni kwa Sharindlar. Wakishaoana, wakagombana juu ya fedha, wakauguza wazee, wakazika mtoto na bado wakabaki pamoja, hapo ni kwa Berronar. Sharindlar anakuponya kwa kuwa unaumia. Berronar anakuponya kwa kuwa wewe ni wa nyumba fulani na nyumba hiyo inakuhesabu. Kama dada yako anavutiwa na huruma peke yake, bila wajibu, basi Sharindlar atamfaa kuliko Clangeddin, mwambie hilo pia.

Sasa hilo la kutibu. Nitatumia hesabu za kitabu cha kanuni cha 2014, ndizo makundi mengi ninayoyajua bado yanazitumia. Kuhani wa kiwango cha 3 aliyechagua uwanja wa Uhai (Life Domain, tawi la makuhani waponyaji), mwenye nyongeza ya busara +3, akimtibu mwenzake kwa Cure Wounds, uganga wa kuponya majeraha, ya daraja la 1 anarusha dadu moja ya pande nane, anaongeza 3 ya busara, halafu 3 nyingine ambazo uwanja wa Uhai unampa. Kwa wastani ni pointi kumi na nusu. Zimwi la kawaida, ogre, likimpata mtu kwa gongo lake linaondoa 13 kwa wastani. Kwa hiyo dada wa watu akitumia zamu yake yote kutibu, zimwi linaharibu zaidi ya alichotengeneza, na bado liko hai. Hapo ndipo uchovu wake unapotoka. Hajui kwa nini anachoka, lakini mkono wake unajua kila anaporusha dadu.

Katika kitabu kipya cha 2024 dadu za Cure Wounds zimeongezwa kuwa mbili, kwa hiyo hali imekuwa nafuu. Hata hivyo ushauri wangu ni uleule: katikati ya pigano, uponyaji ni wa kumwinua aliyeanguka, na kwa hilo Healing Word, uganga wa kuponya kwa neno, inatosha, kwa kuwa inafika futi 60 na haili tendo kuu la zamu. Tendo kuu abaki nalo. Zamu nyingine amwekee mtu Sanctuary, uganga wa kinga, ili adui anayetaka kumpiga arushe kwanza dadu ya busara, akishindwa atafute mwingine au apoteze pigo. Au aite Spiritual Weapon, silaha ya uganga, na hapo mwambie aieleze kwa maneno yake mwenyewe: rungu la fedha linaloelea, lenye pete mbili zilizochorwa kwenye kichwa chake. Kwa kitabu cha 2014, uwanja wa Uhai unampa uganga huo bila kuutayarisha, na unampa pia ruhusa ya kuvaa deraya nzito. Kuhani wa Berronar anasimama mlangoni, mbele, na anayetaka kupita ampitie yeye kwanza. Nyuma ya mstari si mahali pake.

Lakini haya yote ni ya zamu na dadu, na peke yake hayatamtuliza. Tatizo kubwa liko kwako, ndugu yangu, na nalisema kwa heshima. Unaongoza kisa ambacho hakina nyumba hata moja. Watu wanatoka pango hili wanaingia lile, wanalala njiani, na kila wanayekutana naye ni wa kuuawa au wa kuuziwa ngawira. Ukimweka mungu wa bahari kwenye kisa kisicho na maji, naye utasema hana kazi.

Wape nyumba, kisha iweke hatarini. Nasi wa Mombasa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Fort Jesus tunaipita tukienda shughuli zetu, na wengi tunajua kwamba Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Kinachosahaulika ni namna watu walivyokufa humo ndani. Maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Karibu miaka mitatu, kuta zimesimama, mizinga ipo, na watu wanaisha vitandani. Huyo ndiye adui ambaye mpiga upanga wa kundi lako hawezi kumgusa, na ambaye kuhani wa Berronar amewekwa duniani kupambana naye.

Mimi kisa hicho nimeshakiendesha na nakupa hesabu zake uzitumie utakavyo. Ngome ya mbilikimo chini ya mlima, watu 60, nje maadui wamezingira. Siku ya kwanza wagonjwa ni 9, na kila siku anaongezeka mmoja. Kuhani wa kiwango cha 3 ana nafasi 2 tu za uganga wa daraja la 2 kwa siku. Lesser Restoration, inayoondoa ugonjwa, ni ya daraja la 2. Spiritual Weapon ni ya daraja la 2. Zone of Truth, inayowazuia watu kusema uongo, nayo ni ya daraja la 2. Umeona panapobana? Akitumia nafasi zote mbili kwa wagonjwa, wanapungua wawili, anaongezeka mmoja, kwa hiyo hesabu inashuka kwa mmoja tu. Akitumia moja kwa rungu kwa sababu adui amefika langoni, hesabu imesimama palepale. Akizitumia zote kwa mambo mengine, kesho wagonjwa ni 10. Kumbuka kuamua mapema kwamba mgonjwa asiyetibiwa kwa siku tatu anakufa, na uwaambie wachezaji wazi. Usifiche, siri haisaidii hapa.

Halafu ongeza mwizi wa ndani. Kuna mtu anaficha unga na dawa akingoja bei ipande, mfuasi wa Abbathor, yule mungu wa uroho katika ukoo huohuo wa miungu ya mbilikimo. Ghala linapungua haraka kuliko matumbo. Wachezaji wote watatazama upande mmoja, kwa kuhani, maana ndiye pekee anayeweza kuwaweka watu ndani ya duara la futi 15 na kuwauliza. Na duara hilo lina mipaka yake: anayeshindwa kulipinga hawezi kusema uongo kwa makusudi, lakini anaweza kunyamaza au kuzungukazunguka. Kuhani anajua nani limempata na nani limemponyoka. Kwa hiyo maswali yawe ya mtu aliyefikiri. "Umeiba?" ni swali bovu, ataanza kukuhadithia maisha ya marehemu baba yake. "Usiku wa jana ulishika ufunguo wa ghala, ndiyo au hapana?" ndilo swali. Mwache dada yako atayarishe maswali hayo nyumbani kabla ya kikao, utaona anavyokuja na karatasi.

Jambo lililonifurahisha zaidi nilipoendesha kisa hiki lilikuwa daftari. Makuhani wa Berronar ndio watunzaji wa kumbukumbu za ukoo: nani kazaliwa na nani, nani kamwoa nani, nani anadai nini. Basi nilimpa mchezaji wa kuhani daftari la shule lenye majina ya wakazi wote wa ngome, kila mmoja na neno moja au mawili mbele yake. Fundi wa kufuli, mjane, ana watoto wawili. Mpishi, masikio mazito. Kijana wa mazizi, anaogopa giza. Likawa lake, wengine hawaruhusiwi kulifungua bila kumwomba. Siku ya nne adui alivunja bawaba ya lango la pili, na mchezaji wa shujaa wetu akasema kwa haraka, twende kwa yule fundi wa kufuli. Kuhani akafungua daftari, akapitisha kidole, akamwambia: "Alikufa jana. Nafasi zangu zote mbili tulizimalizia langoni, wewe ndiye uliyeniomba." Tukakaa robo saa nzima tukibishana, watu wazima, juu ya fundi ambaye hajapata kuwako. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia kuhani nenda katibu tu. Wanamuuliza asubuhi kabla ya lolote: leo unaweka akiba gani?

Hilo ndilo ninalotaka dada yako alionje. Mungu wa nyumba na uponyaji ana nguvu katika mchezo pale ambapo kuponya kunagharimu kitu na nyumba ina majina ya watu. Ukiondoa gharama na majina, unabaki na dadu ya pande nane.

Kuna upande wa ukweli ambao pia utamtikisa kidogo, na ni vizuri umtikise. Kundi lolote la mchezo huu hudanganya, hiyo ni tabia yao. Watamwambia mlinzi wa lango kwamba wao ni wafanyabiashara wa chumvi. Kuhani wa Berronar amesimama hapohapo na pete zake kifuani. Afanye nini? Usimnyang'anye uganga wake kwa uongo mmoja mdogo wa mwenzake. Nimeona viongozi wa mchezo wakifanya hivyo na matokeo yake ni mchezaji anayeogopa kufungua mdomo. Mwache achague. Anaweza kukaa kimya. Anaweza kumvuta mlinzi pembeni, amwambie ukweli na kumwomba awapitishe, na hapo umpe mlinzi sababu ya kumheshimu. Akidanganya mwenyewe, muulize tu baadaye, wakiwa wamepumzika, atalitengenezaje. Kama atarudi kwa mlinzi yule kuomba radhi, hapo una kikao kizima bila hata kuchora ramani.

Na ndoa! Watu wa kwetu tunaijua harusi, usiwanyime. Katika kitabu cha Xanathar cha 2017 kuna uganga wa daraja la 1 uitwao Ceremony, unaochukua saa nzima na unahitaji unga wa fedha wenye thamani ya sarafu 25 za dhahabu. Fedha, madini yaleyale ya pete za Berronar. Ukitumiwa kuoza, bwana na bibi harusi wanapata +2 kwenye kinga yao kwa siku 7, mradi wasiachane zaidi ya futi 30. Fikiria ngome imezingirwa, walinzi wawili wapendanao wanaomba kuozwa usiku huo kwa kuwa kesho wanashikilia lango pamoja. Kuhani anahitaji unga wa fedha na hakuna. Mchezaji wa mwizi anatoa kikombe cha fedha alichokuwa amekificha tangu kikao cha kwanza, kinasagwa. Watu wataimba mezani, nakuhakikishia, na mmoja ataulizia pilau. Uganga huohuo unaweza kutumika kwa maziko pia, na maiti aliyefanyiwa ibada hiyo hawezi kugeuzwa mzuka kwa siku 7, jambo lenye maana kubwa kama anayewazingira ni mchawi wa wafu.

Kuhusu mpangilio wa ngome yenyewe, nakusihi usichore vyumba vya mraba vilivyopangana ovyo. Tazama nyumba za mawe za zamani za Waswahili zilivyojengwa. Kuna daka mbele, na viti vya mawe ambapo mgeni anapokewa bila kuiona nyumba. Njia ya kuingilia inapinda ili jicho la mpita njia lisifike ndani. Kadiri unavyoingia ndipo unapokaribia mahali pa wenye nyumba, na chumba cha ndani kabisa ndicho kilichokuwa cha uzazi na cha maiti. Ngome ya wafuasi wa Berronar ipangwe kwa fikra hiyo: kila mlango unaopita unahitaji ruhusa ya mtu mwingine, na hospitali yao iwe ndani kabisa. Adui akifika hapo, kila mchezaji ajue kwamba ameingia mahali asipopaswa mgeni kufika.

Niguse na jambo ambalo hukuliuliza lakini kwetu hujitokeza. Huenda mmoja wa wachezaji, au mzazi aliyesikia kutoka chumba cha pili, asipendezwe na watu kukaa wakitaja mungu huyu na yule. Mimi sibishani na mtu juu ya dini yake. Mezani kwangu tunamwita Mama Berronar, tunamchukulia kama mhusika wa hadithi, kama vile zimwi la ngano tulizosimuliwa na bibi zetu, na hakuna anayesoma dua ya kweli wala ya kuigiza. Kuhani akitumia uganga, anasema anachofanya kwa mikono: anashika pete zake, anaweka kiganja kwenye kidonda. Inatosha, na wala haipunguzi utamu.

Kwa kikao chako kijacho, fanya hivi. Kabla hamjakutana, mpigie dada simu, mwambie unataka mwezi mmoja tu wa subira. Mwombe akuandikie watu kumi wa nyumba aliyotoka mhusika wake, jina na jambo moja kuhusu kila mmoja. Usimwambie utawafanyia nini. Kisha waongoze kundi zima mpaka kwenye nyumba hiyo, uwafanye wafike jioni, lango likiwa limefungwa na harufu ya dawa ikitoka ndani, na umwache yeye ndiye agonge, kwa kuwa wenyeji wanamjua yeye peke yake. Mwezi ukiisha na bado anamtaka Clangeddin, mpe. Clangeddin naye ni wa ukoo mmoja wa miungu na Moradin na Berronar, na kuhani aliyehama anaweza kuulizwa na wakubwa zake wapya kwa nini aliondoka kwa mama mwenye nyumba.